Mtetezi wa Watalii na Pengo la Mattie

Jumatatu, 6 Novemba

Ijumaa ni mjadala wa chuo. Mimi nasema watalii hawaiharibu hifadhi yetu ya miamba. Dakta Sorcha Hennelly anasema wanaimaliza, wawekewe sheria. Mkaguzi wa kimataifa atasikiliza, na mshindi anakuwa mwenyekiti wa bodi ya hifadhi. Sorcha ana takwimu za miaka sita. Mimi nina sauti nzuri.

Jumatano, 8 Novemba

Nimepanda mlimani. Balaa! Kila mtalii aliyetua Ireland amejenga kimnara chake cha mawe apige picha. Sorcha anavihesabu vyote kuwa uharibifu, kazi hana. Lakini kisichokuwepo hakihesabiki. Kesho nafagia.

Alhamisi, 9 Novemba

Nimebomoa tangu asubuhi. Mvua. Mgongo hauna hamu. Rundo moja lilikuwa kubwa ajabu, limejaza pengo zima kwenye ukuta wa mawe wa malisho. Watalii wana nguvu, jamani. Nimelisambaratisha lote. Mzee Mattie Killeen, mfugaji, alinipungia fimbo kwa mbali akipiga kelele. Nami nikampungia. Watu wa huku wakarimu sana.

Ijumaa, 10 Novemba

Nilianza vizuri. Nikasema nionyeshwe alama moja tu ya uharibifu. Mkaguzi akaandika. Sorcha akapekua takwimu zake.

Wakaingia ng'ombe. Wa Mattie, wale wanaolishwa mlimani msimu wa baridi. Mmoja alikwama mlangoni, mwingine akaanza kutafuna koti la mkaguzi. Mattie nyuma yao, kalowa chapachapa. Akatangaza kwamba huku hakuna mageti, pengo huzibwa kwa mawe, na bwana mkubwa huyu kalizibua. Akaniuliza kama kwetu Dublin ng'ombe hufungiwa kwa hotuba. Ukumbi ukaangua kicheko. Mkaguzi akauliza kwa upole kama mimi ni mtalii.

Sorcha ndiye mwenyekiti. Imeniuma. Nimelia garini.

Jumapili, 12 Novemba

Amri ya mwenyekiti mpya: nilizibe pengo, Mattie asimamie. Kila nikiweka jiwe, analitoa, ananiambia si hilo, mwanangu. Vidole vimevimba.

Mara likasimama basi la watalii. Wakanipiga picha. Kisha wakaanza kunisaidia, na Mattie akawasifu, mimi hakuniambia neno. Pengo likazibwa kabla ya chai.

Kumbe watalii wanajenga! Sorcha kwisha habari yake. Nimeshaanza makala kuhusu mchango wa watalii katika ukarabati wa kuta. Ila kitaaluma mfano mmoja hautoshi. Kesho alfajiri nazibua pengo jingine. Nimeliona moja zuri, upande wa malisho ya fahali wa Mattie.