Soksi za Ngozi Zilivyoninyima Kazi ya Ndani

Jameni, leo nimeaibika mbele ya watu wazima, na nimekasirika hata chai haishuki.

Huko nyumbani wanadhani Doha tunaungua jua mwaka mzima. Waje wasimame nami getini Industrial Area asubuhi ya Januari, upepo unaingia kwenye suruali bila adabu! Vidole vya miguu sivisikii mpaka saa nne. Kwa hivyo Ijumaa nikaenda madukani mtaa wa Najma kutafuta soksi nzito. Za sufu zote nyembamba, ukiinua moja unaona mtaa wa pili. Halafu nikaziona nyingine, ngozi tupu, zina zipu kando.

"Hizi zina joto?"

"Sana," akasema mwenye duka. (Kando yake palikuwa na miswala na tasbihi. Mimi nikaona tu ni duka lenye mali.)

Joto lake, wacha tu! Tangu hapo nasimama getini kama mwenye nyumba.

Sasa leo. Msimamizi wetu, mzee Msudani mpole sana, akatuchukua mimi na Hamisi wa Kwale, ninayelala naye chumba kimoja, akatupeleka jengo fulani la ofisi. Anahitajika mlinzi mmoja wa ukumbini. Ndani! Meneja wa jengo angeshuka baada ya swala ya adhuhuri achague kati yetu. Niliitaka kazi hiyo, sitadanganya. Nimeiombea hata kanisani.

Wenzangu wakaelekea kuswali. Mimi nikabaki koridoni, nikavua kiatu nikung'ute mchanga. Msimamizi akageuka, akaiona soksi, akasimama tuli.

"Mashaallah! Tangu lini?" (Tunaongea Kiingereza cha kuungaunga, nawatafsiria.)

"Tangu Ijumaa, bosi."

"Ijumaa! Na unajisikiaje?"

"Bosi, nilichelewa sana. Nimeteseka bure miaka yote hii."

Mzee akanikumbatia. Macho yamemlowa! Nikajiambia, kumbe naye baridi imemtesa hivi. Akanishika mkono mpaka kwenye mabomba ya kutawadhia. Nikadhani ni usafi kabla ya kuonana na meneja, sawa. Nikanawa mikono na uso nikimwiga. Lakini kufika miguuni, yeye, ambaye kumbe anazo za ngozi kama zangu, kalowesha kiganja, kapitisha juu ya soksi, basi. Huo si uvivu? Mama yangu Bungoma hakunilea hivyo. Nikafungulia maji, nikatia mguu na soksi yake, nikasugua. Kwa sabuni! Nikahamia wa pili.

Watu wote wakageuka. Hata wa bomba la jirani alifunga maji atazame.

"Ndugu yangu," mzee akauliza polepole, "aliyekusilimisha hakukufundisha kupangusa?"

"Aliyenifanya nini? Bosi, mimi ni wa kwaya!"

Ndipo nikaelezwa kwamba zile ni khuffu, Waislamu huzivaa wakishatawadha ili baadaye wasivue tena, wapanguse tu juu. Mzee alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka. Nilimgeukia Hamisi.

"Ulijua?"

"Tangu Ijumaa. Nikadhani umesilimu kimyakimya kwa kumwogopa mama yako. Nikakuheshimu."

Heshima gani hiyo! Ndiyo maana siku hizi chumbani nakaribishwa tende kila jioni. (Nilidhani napendwa.) Mtu mnalala chumba kimoja, swali moja tu linamshinda?

Swala ilipokwisha meneja akashuka. Nikamwendea kwenye marumaru yake inayong'aa, chwa, chwa, chwa, kila hatua kidimbwi. Akatazama chini. Akamuuliza msimamizi, "Huyu ni mlinzi au fundi bomba?" Akamchagua Hamisi hata kabla sijataja jina langu.

Sasa nimerudi getini, soksi nimezianika kwenye uzio, miguu iko ndani ya mifuko ya nailoni. Wewe unayetaka kucheka, nenda ukacheke na Hamisi. Huko hakuna upepo.