Fulana Iliyoniua Usoke

Kwa mwanangu Fakhria binti Sulemani,
Mwenye duka la nguo, Tabora Mjini.

Salamu nyingi kutoka Tanga, ninakoishi tangu shirika la reli liliponihamisha kikazi likasahau kunirudisha. Hunijui, ila marehemu babu yako Azan ndiye aliyenishonea suti ya harusi, na alinipima mara mbili kwa kutoamini upana wa kifua changu. Nakuandikia kwa heshima kuhusu fulana uliyomuuzia mwanangu wa kumzaa, Limbu, alipopita Tabora.

1. Limbu ni mwembamba kama ufito. Fulana hiyo, mnayoiita ovasaizi, mshono wake wa bega unakaribia kiwiko. Nasikia ulimhakikishia kwamba imemkaa. Babu yako angesema imemfunika.

2. Kesho yake alipanda treni kwenda Usoke kumsalimia dada yangu Consolatha. Kwetu, kijana akitoka mbali ndani ya nguo ya mtu mnene, maana yake ni moja: baba amefariki na nguo zimegawanywa. Waliomuuliza kama ndivyo, aliwaitikia kwa kichwa, kwa kuwa masikioni alikuwa na muziki.

3. Consolatha akanipigia simu. Simu yangu ilikuwa imekwisha chaji. Akaona huo ni ushahidi tosha.

4. Wakaniwekea matanga. Nililiwa vizuri, sikatai, na kwaya ya Moravian iliimba. Ila mtani wetu Kashindye, kwa haki yake ya utani, alijilaza mkekani akaigiza maiti yangu, akagoma kuinuka mpaka apewe jogoo. Alisema wamtazame vizuri, maana nilipokuwa hai sikuwahi kutulia Usoke muda mrefu namna ile. Watu walicheka. Mimi niliposimuliwa sikucheka, kwa sababu ni kweli.

5. Nilipopiga simu kusema mimi ni mzima, Consolatha alifurahi, kisha akaniomba nisiwaaibishe, kwani ng'ombe amekwisha kuliwa. Nami mwaka huu nilipanga kurudi nyumbani moja kwa moja. Sasa nirudi kama nani?

Kwa hiyo naomba kila fulana pana iandikwe kifuani kwamba mwenyewe yu hai. Mnunuzi mwembamba aje na baba yake, anayepumua. Na mshono ukivuka bega kwa zaidi ya vidole vinne, duka litoe na sanda.

Wasalimie wazazi, majirani, na yeyote aliyewahi kupimwa na babu yako.

Ni mimi, niliye hai hadi naandika,
Gerson Ngollo

Tanbihi: Limbu amerudi, nami nimemnyang'anya fulana ili niiambatanishe kama kielelezo. Kabla ya kuifunga nikaijaribu. Mwanangu, nimekonda. Suti ya babu yako ilishanikataa, na kila shati langu huniuliza mwenyewe amekwenda wapi. Hii haikuniuliza kitu. Basi madai yote nimeyafuta, isipokuwa la sanda, ambalo si la haraka. Nitumie nyingine ya kubadilishia, saizi ileile, rangi ya udongo, kwa basi la kupitia Igunga. Nataka kushuka Usoke nimeivaa. Wakiuliza nimeirithi kwa nani, nitawaambia: kwa yule mwanamume mnene aliyeondoka hapa.