Mbao Zilizokwama Njia ya Walungu

Jumatatu, 14 Oktoba
Mwezi wa nne tangu niondoke nyumbani, kisiwani Idjwi. Mgongo umekwisha kwa kupasua miti Walungu. Tajiri amenilipa kwa mbao, nami nilitaka hivyo: mke wangu Constance na watoto wanalala chini ya turubai la shitingi, na mvua imeanza. Lakini leo, kwenye bariyeri ya kuingia Bukavu, lori limezuiwa. Mkubwa mmoja ametoa amri: mbao zisipite. Nikatoa kibali cha kukata miti. Askari Philémon akasema ni kibali kizuri sana, nikirudishe mfukoni kisilowe.

Jumanne, 15
Zagabe, mwenzangu wa msumeno, mbao zake zimelala kando ya zangu. Amenipeleka kwa Maître Larissa, avoka, wakili wetu sisi wenye mbao. Anasema mkubwa anaweza kukagua vibali, hata kupanga saa za malori. Kumfungia njia mtu mwenye kibali, bila sheria inayompa nguvu hiyo, hapana. Ameshaipeleka amri kortini, na korti itasema Ijumaa. Tuwe na subira. Subira! Yeye analala chini ya bati. Nimemwambia Zagabe mimi sihitaji korti, nina akili. Akasema: "Papa Mugisho, ile akili yako ndiyo naogopa."

Jumatano, 16
Nimesoma amri ukutani. Inasema mbao. Haisemi mabenchi! Nimepigilia misumari mchana kutwa, bila kukata hata ubao mmoja, ili nyumbani nibomoe tu. Zagabe amejaribu benchi la kwanza, likaanguka naye. Wivu.

Alhamisi, 17
Imekubali! Philémon aliuliza mabenchi ni ya nani. Nikasema ya parokia. Ipi? Nikataja ya karibu. Uso ukamng'aa. Kumbe ni mwimbaji wa kwaya ya palepale, na wanaimba wima tangu zamani! Akafungua bariyeri, akapanda lori nisije nikapotea. Nilisema najua njia. Hakushuka. Tulipofika, vigelegele. Ngoma. Padri Emile akayanyunyizia maji ya baraka, benchi kwa benchi. Mama mmoja mnene akakaa, akafumba macho, akasema mgongo wake unanishukuru. Ningemwambia nini? Inuka?

Ijumaa, 18
Korti imesema amri haina nguvu kwa wenye vibali. Mbao za Zagabe zimepita zikiwa mbao, mchana kweupe, yeye juu yake akitafuna mahindi. Nimekimbilia kwa Maître Larissa anirudishie zangu. Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akasema kwa upole: sheria imemzuia mkubwa kuchukua mbao zangu, lakini haimzuii Mugisho kuzitoa sadaka mbele ya kwaya nzima.

Jumapili, 20
Padri ametaja jina langu kwenye misa. Makofi. Nimelia, wamedhani ni imani. Nje, Zagabe amenishika bega. Anasema mbao zake zinatosha nyumba mbili ndogo, nichukue nusu. Kesho tuziteremshe bandarini, kibali mkononi, njia iko wazi. Amenisihi: "Papa Mugisho, usitengeneze kitu."

Mutu mwema sana, Zagabe. Nilitaka kumkumbatia. Lakini njia wazi namna hii? Bandarini nako wanakagua. Watageuza mawazo tu. Sasa, jeneza je? Kwaya gani italikalia? Kitambaa cheusi nimeshaazima.

Constance, Jumatano niko nyumbani. Usipige yowe ukiona msiba unashuka kwenye boti. Ni mimi, na mlango wako.