Simu ya Nyoka Iliyobadilishwa kwa Beseni

Kai Ngumbao,
Timbwani, Likoni.

Kwa Mwenyekiti wa Nyumba Kumi,

Mheshimiwa Mwenyekiti,

MINTARAFU: KUTOWEKA KWA URITHI WA TAIFA

Salamu nyingi, na pole kwa majukumu. Mimi ni mzima wa mwili, mengine utayasoma.

Jumanne nikiwa kazini, alipita mtaani yule bwana wa mkokoteni mwenye kipaza sauti kinachoimba "simu mbovu, redio mbovu, leta tubadilishane". Mke wangu Margaret akatoa kabambe yangu, ile simu ndogo ya vitufe yenye mchezo wa nyoka, akapewa beseni la buluu. Simlaumu mke wangu, hasha. Naomba serikali imlaumu kwa niaba yangu. Malalamiko ni haya:

1. Simu haikuwa mbovu. Kifuniko kilishikwa na mpira, betri ilianikwa juani kila asubuhi, na kitufe cha sita hakikukubali mpaka ukibonyeze kwa ukucha. Huo ni ubovu au ni tabia? Kwa ajili ya kitufe hicho nimefuga ukucha wa dole gumba, nikavumilia maneno ya watu kanisani. Sasa niufugie nini?

2. Simu yangu ya kisasa, iliyopasuka kioo na inayoishiwa chaji kabla ya adhuhuri, haikuguswa. Hiyo ndiyo nzima! Ukianza mchezo inakukatiza kukuuliza kama unataka mkopo. Nyoka wangu hakuwahi kuniuliza lolote.

3. Jumamosi hii, kwenye kibanda cha mahamri cha Lynnette, nilikuwa nimwonyeshe jirani yangu Jacktone rekodi yangu, ambayo haijavunjwa Timbwani wala mtaa wa Shika Adabu, kisha nicheze mbele yake aone inavyopatikana. Sasa Jacktone anatangaza kwamba rekodi isiyo na simu ni hadithi. Naumia, Mwenyekiti, naumia kweli. Sina cheo kingine mtaani.

4. Kwa hiyo naomba kivuko kisimamishwe na kila mkokoteni upekuliwe. Kila kabambe iandikishwe kama mtoto mchanga. Mke yeyote atakayeukaribia mkokoteni awe na kibali cha mumewe chenye muhuri wako. Simu isipopatikana, bendera zipepee nusu mlingoti.

Nisalimie mama watoto, wajumbe wote, na jogoo wako anayelala juu ya bati langu bila idhini.

Ni mimi, bingwa niliyepokonywa,
Kai Ngumbao

Tanbihi: Nimemsomea Margaret barua hii, akacheka mpaka akakaa chini. Anasema rekodi ile ni yake, aliiweka siku nilipokwenda matangani Kaloleni. Ni kweli niliporudi niliikuta pale, nikadhani vidole vyangu vilifanya kazi bila kuniarifu. Simu aliitoa kwa kunihurumia, nisije nikaaibika mbele ya Jacktone. Basi kivuko kiendelee, na bwana wa mkokoteni asisumbuliwe. Akikwama, msaidieni kusukuma. Jacktone akiniulizia Jumamosi, mwambieni nina homa.