Cheti Kimetangulia Ng'ambo

Jumatatu, 4 Agosti 2025. Chapwa, Tunduma.

Siku njema kabisa. Njema mpaka saa nne asubuhi.

Tulinagwe amepiga simu kutoka Ujerumani. Mke wangu ni muuguzi, analea wazee wa kule tangu Januari. Mimi nimebaki huku Chapwa, nalea nyumba. Habari kubwa! Ubalozi umenipa miadi, tarehe 16 Septemba, Dar es Salaam. Nikienda na karatasi zote, namfuata. Nikikosa hata moja, foleni inaanza upya, tutaonana mwakani Mungu akipenda. Pasipoti ninayo. Picha ninazo. Kinachotakiwa ni cheti cha ndoa, kikiwa na muhuri wa Wizara ya Mambo ya Nje. Akauliza cheti kiko wapi. Nikamwambia kiko salama. Akauliza salama wapi. Nikamwambia mtandao unasumbua.

Cheti nilikihifadhi kwa akili. Wengine huweka chini ya godoro. Wajinga hao, mwizi na panya wote huanzia hapo. Mimi nilikizungushia nailoni, nikakizamisha katikati ya gunia la kahawa, stoo kwa mama, kule Mbozi. Panya hali kahawa. Na mwizi gani atamwaga gunia zima atafute ndoa ya mtu?

Nimempigia mama aniangalizie gunia la kona. Mama kasema gunia la kona aliliuza mwezi uliopita, alikuwa analisubirishia bei. Chama cha ushirika kimeshalichukua. Limeshakwenda kukobolewa. Nikakaa chini. Akauliza kwani humo kulikuwa na nini. Nikasema hakuna kitu, mama.

Loo! Ndoa yangu imekobolewa. Au imepakiwa melini, inakwenda Ulaya mbele yangu, tena bila visa.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeamka na mpango. Kwa nini nihangaike na cheti cha zamani? Ndoa mpya, cheti kipya!

Nimekwenda Vwawa kwa Mchungaji Lusubilo, yule yule aliyetufungisha. Nikamweleza kwamba nataka kuoa. Uso ukambadilika. Akaniuliza Tulinagwe amekosa nini. Nikasema hapana baba, namwoa huyo huyo Tulinagwe. Akafurahi, akasema ni jambo jema watu kurudia nadhiri zao, bibi harusi anafika lini? Nikasema hafiki, yuko Ujerumani. Nimefikiria mdogo wake asimame badala yake. Wakifunikwa shela hawa hata mama yao hawatofautishi.

Mchungaji akasimama akaniombea. Maombi marefu, na mambo mengine aliyomtajia Mungu sikuyapenda. Alipomaliza akasema ndoa yangu ipo na imesajiliwa. Niende polisi nitoe taarifa ya kupotelewa, halafu ofisi ya wilaya niombe nakala. Basi.

Njia nyeupe namna hiyo! Mimi njia ambayo kila mtu anaijua huwa siiamini. Lakini sina nyingine.

Jumatano, 6 Agosti

Polisi. Nimefika kaunta nikaona siwezi kutamka neno kahawa. Wangecheka, na Tunduma hii habari huvuka mpaka kabla ya lori. Nikasema nimeibiwa.

Kosa dogo. Askari wa zamu, afande Fides, mama mtulivu mwenye miwani, akaweka kando ile fomu ya kupotelewa akachukua karatasi nyingine. Akasema kuibiwa ni jambo zito. Mwizi yukoje?

Mwizi sikuwa nimemwandaa. Nikafumba macho, nikamwelezea wa kwanza aliyenijia kichwani. Mrefu. Ana pengo la mbele. Koti zito la kijani, halivui hata jua liwake vipi. Anaingia kwenye nyumba ya mtu kana kwamba ni yake.

Afande akaandika yote. Nimetoka pale najisifu. Maelezo yalikuwa na uhai.

Alhamisi, 7 Agosti

Balaa! Wamemkamata shemeji Shadrack.

Shadrack ni kaka yake Tulinagwe. Kwao Ibaba, huko juu Ileje kwenye baridi, na koti la huko anatembea nalo mpaka sokoni Tunduma. Tangu dada yake aondoke, anakuja kwangu kila Jumapili na futi kamba, anapima sebule. Tukishaondoka sote nyumba itakuwa chini yake. Ameshachagua pa kuweka kabati. Simpendi, nakiri, lakini sikupanga awekwe ndani. Kichwa changu kilimleta chenyewe.

Nimekimbia kituoni. Nikamwambia afande kwamba huyo si mwizi, ni shemeji yangu. Akauliza basi mwizi yuko wapi. Nikasema hakuna mwizi. Akauliza basi cheti kiko wapi. Nikatazama sakafu. Nikasema kiko kwenye kahawa.

Wakacheka wote, mpaka waliokuwa mahabusu. Afande hakucheka. Akanieleza polepole kwamba taarifa ya uongo ni kosa, na kwamba ile benchi aliyokalia shemeji ina nafasi ya mtu wa pili. Kisha akanirudishia fomu ya kupotelewa, nikajaza ukweli huku ananiangalia.

Nje, Shadrack akanishika bega. Nikasubiri ngumi. Akainama sikioni kwangu.

"Shemeji, mimi nataka uende Ujerumani kuliko hata wewe mwenyewe. Fundi ameshamaliza kabati. Kuanzia leo kila ofisi tunakwenda wote."

Hiyo ni hila. Sijajua ni hila gani, ila nitaijua. Nimemsihi asimwambie dada yake. Kaahidi kwamba hatafungua mdomo.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimemtoroka. Alisema twende ofisi ya wilaya Jumatatu. Kwa nini Jumatatu? Anataka kunichelewesha! Mjini shule. Saa moja na nusu nilikuwa Vwawa, mlangoni, wa kwanza kwenye foleni.

Wa kwanza na wa mwisho. Saa tatu mlinzi akaja kuniuliza namsubiri nani. Leo Nane Nane. Nchi nzima iko sikukuu, yeye mwenyewe alikuwa anasikitika hajaenda kwenye maonyesho.

Shadrack akapiga simu, niko wapi? Nikamwambia niko Mbeya kwenye maonyesho, naangalia ng'ombe. Akauliza ng'ombe wakoje. Nikasema wakubwa.

Jumatatu, 11 Agosti

Ofisi ya wilaya. Shadrack kanifuata kama kupe. Karani akauliza tarehe ya ndoa. Nikasema ilikuwa siku nzuri sana, ya jua. Akasema hajauliza hali ya hewa. Mwezi naujua, ulikuwa wa kuchuma kahawa. Mwaka nao naujua, kwa kukisia.

Shadrack akataja yote bila kupepesa jicho. Siku, mwezi, mwaka, mchungaji, mashahidi wawili, mmoja akiwa yeye. Anasema hawezi kusahau, maana nilikanyaga shela ya dada yake mlangoni pa kanisa ikachanika, na yeye ndiye aliyezunguka Vwawa nzima kutafuta sindano. Ona mtu anavyoweka kisasi!

Maombi yamepokelewa. Nimeambiwa nakala ikiwa tayari watanipigia.

Jioni Tulinagwe kapiga. Chumba chake ni kidogo, dirisha linatazama mti mmoja usio na jina. Kasema ameninunulia kikombe. Kikubwa, kama ninavyopenda chai. Kiko kabatini pembeni ya chake, kinanisubiri. Nampenda yule mwanamke mpaka naumwa. Nikasingizia mtandao.

Jumatano, 20 Agosti

Nakala imetoka! Karatasi safi, muhuri unang'aa, sahihi ya msajili imekaa vizuri. Shadrack akataka aibebe yeye. Thubutu!

Mimi nimejifunza. Safari hii hakuna magunia. Cheti nimekilinda kisomi. Nimepita kwa Bashiri, mwenye duka la fotokopi karibu na stendi, akakipiga laminesheni, ile plastiki ngumu inayopitishwa kwenye moto. Sasa mvua haiingii, chai haiingii, na panya akijaribu atateleza. Nilikigonga mezani kikalia kama sahani. Bashiri mwenyewe alikipenda, akakikata kona za mviringo bila mimi kumwomba.

Shadrack sijamwonyesha. Kesho asubuhi napanda basi la Dodoma peke yangu. Nitamshangaza.

Ijumaa, 22 Agosti

Dodoma. Wizarani. Dada wa dirishani akapokea cheti, akakigeuza, akakigonga kidogo kwa ukucha. Akaniuliza kwa upole ni nani aliyekifanya hivi. Nikamweleza kuhusu mvua, chai na panya. Akasema muhuri haushiki kwenye plastiki, sahihi vilevile. Nilete karatasi yenyewe, ikiwa tupu.

Sikukata tamaa. Kilichobandikwa kwa moto, kwa moto kitabanduka! Gesti waliniazima pasi. Nikatandika taulo, nikapiga pasi taratibu kama suruali ya harusi. Plastiki imetoka vizuri kabisa. Imetoka na muhuri. Imetoka na sahihi ya msajili. Imetoka na jina langu lote. Jina la Tulinagwe peke yake ndilo lililobaki. Kwa mujibu wa karatasi hiyo, mke wangu ameolewa na hewa.

Nimekaa kitandani na lile taulo mapajani. Nimeona aibu ya kweli. Nafikiria kile kikombe.

Jumapili, 24 Agosti

Shadrack alikuja na futi kamba yake kama kawaida. Nikamwonyesha mabaki. Niliona afadhali anicheke yaishe.

Hakucheka. Alivua koti. Miaka yote sijawahi kumwona bila koti, ana mabega membamba kama ya dada yake. Akakaa, akampigia Tulinagwe hapo hapo mbele yangu.

Kumbe mke wangu anajua kila kitu! Kahawa, mchungaji, mwizi, ng'ombe wa Mbeya. Anapashwa habari tangu siku ile ya polisi. Nikamgeukia Shadrack, si uliahidi hutafungua mdomo? Akasema hakuufungua, alituma meseji.

Nilingoja kugombezwa. Tulinagwe alikaa kimya mpaka nikadhani safari hii mtandao umekatika kweli. Kisha akasema, taratibu, kama anavyosema na wagonjwa:

"Jairo, mume wangu. Nataka uje. Cheti kikitoka tena, usikihifadhi. Usikifanye kitu chochote. Mwachie kaka akibebe."

Imeniuma. Lakini alisema anataka nije. Nimekubali.

Jumanne, 9 Septemba

Dodoma tena, mimi na Shadrack. Nakala ya pili ilitoka Ijumaa. Karani wa Vwawa alimkabidhi shemeji moja kwa moja, mimi alinipita kama nguzo. Shadrack kasafiri nayo ndani ya koti, vifungo vyote vimefungwa, na katika safari nzima hakusinzia hata kidogo. Abiria wa pembeni alimuuliza kama anaumwa kifua.

Dada wa dirishani akanikumbuka. Akaipokea karatasi, akaigusa kwa ukucha kwanza. Alipoona ni karatasi, akatabasamu.

Muhuri umegongwa! Nimeusikia kwa masikio yangu. Nikaomba nikishike cheti. Shadrack akanishikisha kona moja, zingine tatu akashika mwenyewe. Nikalia, sifichi. Na yeye alikuwa anajifuta macho, akidai Dodoma ina vumbi. Tumekula chipsi kuku tukiwa tumekaa upande mmoja wa meza. Si mtu mbaya. Kabati lake nimemruhusu aliingize sebuleni hata kabla sijaondoka.

Jumamosi, 13 Septemba

Kesho safari ya Dar. Basi linaondoka saa nane mchana. Mkoba tayari, viatu vimeng'arishwa. Mama amenitumia kahawa nimpelekee mkwe wake, na kasema amelikagua gunia mpaka chini, hakuna kitu. Kumbe naye anajua. Cheti kiko kifuani kwa Shadrack, analala nacho. Tulinagwe kapiga, anasema ameosha kile kikombe leo bila sababu yoyote. Akanikumbusha nisiguse cheti. Sitakigusa. Mimi mtu wa neno langu.

Lakini pasipoti hakuitaja.

Nimeitazama leo kwa makini. Vikaratasi laini, vitupu, na humo ndimo watakamobandika visa yenyewe! Halafu nasikia mvua ya Ulaya haina msimu, inanyesha inavyotaka. Nimeipeleka kwa Bashiri. Amekataa. Kasema hata kwa dawa, na mashine akaizima kabisa ningali nimesimama pale. Ndivyo walivyo watu. Ukianza kufanikiwa, wanabadilika.

Haidhuru. Nimeulizia. Upande wa pili, Nakonde, kuna fundi wa Kizambia ana mashine kubwa kuliko ya Bashiri, tena haulizi maswali. Saa mbili asubuhi nitakuwa kwake, kabla Shadrack hajaamka. Kuvuka mpaka wala si tabu. Pasipoti ninayo.