Nimempaka Mama Mkwe Rangi

Jamani, leo nimeaibika. Na si mbele ya watu wa barabarani, ambao mtu husahau baada ya wiki moja. Ni mbele ya mama mkwe.

Naandika haya nikiwa saiba, duka la intaneti, hapa Kitengela. Nanuka mafuta ya taa niliyojisugulia rangi, na mwenye saiba ametandika gazeti kwenye kiti kabla ya kuniruhusu nikae. Wacha nianze mwanzo.

Mnajua tumehamia kwetu mwezi uliopita. Kwetu kabisa, si kwa kukodi! Vyumba vitatu, mabati mapya, kuta bado simiti tupu. Mama yake Nekesa, mke wangu, hajawahi kukanyaga kwetu tangu tuoane. Kila tukimwalika jibu lilikuwa moja: "Kwa nyumba ya kukodi siji. Siku bwanako akiwa na kwake, niite." Basi tukamwita. Leo ndiyo siku aliyokuwa anakuja, na basi la kutoka Bungoma lilikuwa lifike jioni.

Asubuhi Nekesa akaniuliza, "Baba Brian, si tuite fundi?"

Nikamcheka. "Fundi wa nini? Kupaka rangi ni kama kujipaka mafuta, ni vile tu ukuta ni mrefu." (Haya maneno niliyasema mimi, kwa mdomo wangu.)

Nekesa akamchukua mtoto, akaenda Isinya kutafuta kuku wawili wa mgeni. Nikabaki na sebule, rola, brashi na mkebe wa rangi ya mafuta, krimu, ile ambayo mtoto akiichafua unapangusa tu.

Tatizo likawa nguo. Nguo zangu kuukuu zote ziligeuzwa matambara ya jikoni zamani. Nikaona kamisi ya zamani ya Nekesa imeachwa kwa beseni. Nikaivaa juu ya kaptura. Kichwani nikavaa mfuko wa mkate. (Msiniulize. Niliona niko peke yangu.) Nikaweka stuli juu ya meza, nikapanda.

Kufikia saa tano kuta tatu zilikuwa zinang'aa! Nilijipenda, siwafichi. Nilikuwa hata naimba.

Sasa nyinyi ambao si wa kutoka magharibi mwa Kenya, hapa mnielewe. Kwetu mama mkwe hashikwi. Hata mkono humpi. Mnasalimiana kutoka mbali, yeye akiangalia mlango, wewe ukiangalia viatu vyako. Akiketi huku, wewe unatafuta kiti cha kule.

Mlango ukafunguka nyuma yangu. Nikajua ni Nekesa.

"Umerudi? Njoo ushike hii stuli, inacheza."

Stuli ikashikwa. Ikashikwa imara kabisa.

"Hivyo hivyo. Mamako akiona hii atanyamaza. Hiyo kazi yake ya kukagua kona, leo akague mpaka achoke."

Nikavuta rola mara mbili.

"Mbona huongei? Ama kamisi yako imenikaa vizuri kukushinda?"

"Hapo karibu na dirisha umeruka," sauti ikasema.

Haikuwa sauti ya Nekesa.

Nikageuka. Mama mkwe! Gauni la buluu la akina mama wa kanisa, kitambaa kichwani, mikono yote miwili kwenye stuli yangu. Kumbe alipanda basi la usiku bila kutuambia, akaja akiuliza njia.

Mtu mwenye akili angesema, "Karibu, mama." Mimi nilijaribu kuficha kamisi kwa rola. Stuli ikaenda upande wake na mimi nikaenda wangu. Mama akanidaka! Huyo mama amebeba magunia ya mahindi maisha yake yote, hakuyumba hata kidogo. Nami kwa kuogopa kufa, nikamkumbatia. Mikono yote miwili, mgongoni.

Tulipokuwa hivyo, Mama Naserian, jirani yetu aliyemwonyesha nyumba, akatokea mlangoni na kikapu cha ndizi cha mgeni.

"Eng'ai!" akamwita Mungu kwa Kimaasai. "Kumbe nyinyi watu ya magharibi husalimia mama mkwe hivi? Sisi hata macho hatuangaliani!"

Nikamwachilia. Alipogeuka, viganja vyangu viwili vilikuwa mgongoni mwake, krimu kwenye buluu, vidole vyote vikionekana. Na hapo ndipo Nekesa akaingia. Akaangalia mgongo wa mamake. Akaniangalia mimi na kamisi yake. Kuku mmoja akamponyoka, na mpaka sasa hatujui aliko.

Nilitoka nje nikasimama nyuma ya tangi la maji. Nilikuwa naogopa kweli, jamani. Miaka yote hiyo nimejenga ili huyu mama aje, na sasa nilimwona kabisa akilini akipanda basi la jioni arudi kwao. Nikasikia kama kikohozi. Halafu nikajua si kikohozi. Mama mkwe alikuwa anacheka, anacheka mpaka anaomba maji.

"Nekesa, hii nyumba ni yenu?"

"Ni yetu, mama."

"Basi ni nzuri. Aliyepaka ndiye shida. Kwetu ukuta hupakwa na mwanamke. Nipe leso na hiyo brashi."

Mama amekandika kuta za udongo tangu akiwa msichana. Mimi, kwa vile hatuwezi kukaa chumba kimoja, nimefukuzwa mpaka amalize. Gauni amekataa lisuguliwe. Anasema atarudi nalo Bungoma vivyo hivyo, akina mama wa kanisa waone alivyopokewa.

Nilichungulia dirishani kabla sijaja huku. Sebule imependeza, na nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Chumba cha kulala ndicho ameniachia, maana huko mama mkwe haingii. Nitakipaka kesho, nikiwa na suruali, na mlango nimeutia komeo.

Na wewe unayecheka hapo, mama mkwe wako anakuja lini?