Mgongo wa Mpwa Wangu

Jumatano, 23 Julai

Siku kubwa! Kambi ya mazoezi imefunguliwa Memphis na mpwa wangu Keyshon hajafanya mazoezi. Safi kabisa. Amefika, amevaa kofia, ameegemea uzio, amekunywa maji. Basi.

Keyshon ana miaka ishirini na minne, na ndiye mbeba mpira bora wa futiboli ya Kimarekani niliyemwona tangu nijitazame kwenye kioo mwaka 1988. Kazi yake ni kupewa mpira mkononi na kupenya nao katikati ya majitu yanayotaka kumlaza chini. Mkataba wake wa kwanza, ule wa kitoto, unaisha msimu huu. Klabu inasema acheze kwanza, mazungumzo baadaye. Baadaye! Mbeba mpira hana baadaye. Goti moja likienda, klabu inakutumia maua na kumtafuta kijana mwingine. Nalijua hilo kuliko mtu yeyote hapa Marlow. Goti langu lilikwenda nikiwa na miaka kumi na tisa, na hata hayo maua sikuyaona.

Dada yangu Verdell, mama yake, amemwekea wakala kutoka Atlanta, Bi Haliburton, mwanamke wa viatu vyembamba na sauti ndogo. Mimi sikuulizwa. Ushauri wa Bi Haliburton: kijana aende kambini asije akatozwa faini, asimame pembeni, asifanye mazoezi, asiseme lolote. Asiseme lolote! Huo nao ni ushauri? Nimempigia simu Keyshon nikamwambia aseme mgongo umekaza. Goti watalibonyeza, mguu watauvuta, lakini mgongo wa mtu nani ameuingia? Akasema, "Mjomba, mgongo wangu mzima, na Mama hapendi uongo." Nikamwambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Akacheka, akakata simu.

Mtoto mzuri. Malezi ndiyo yamemharibu.

Ijumaa, 25 Julai

Kwa kuwa yeye hataki kusema, nimesema mimi.

Nimekwenda kunyoa kwa Dupree, ingawa nywele zangu hazihitaji tena mtaalamu. Dupree ana binamu anayezungumza michezo redioni asubuhi, kule Memphis. Nimekaa kitini nikashusha pumzi. Hakuuliza. Nikashusha nyingine, ndefu zaidi. Hapo akauliza. Nikamwambia kwa siri kwamba mgongo wa Keyshon umekaza, kidogo tu, na asimwambie mtu. Dupree aliapa kwa jina la marehemu mama yake. Kumwambia Dupree siri ni sawa na kulipia tangazo.

Kwenye kiti cha pili alikuwa shemeji Purvis, kaka wa mke wangu. Mwaka 1988 Purvis alikuwa mbeba ndoo ya maji wa timu yetu ya shule, na tangu siku hiyo amejifanya mwanahistoria. Akawaambia watu eti rekodi yangu ya mbio za shule niliikimbia upepo ukinisukuma. Nikamjibu kwamba upepo ulikuwa wa ubavuni. Akasema yeye ndiye aliyekuwa ameshika ndoo, maji yalikuwa yanamwagikia mbele. Mtu wa hovyo!

Jumatatu, 28 Julai

Redio imesema! Mgongo wa Keyshon, asubuhi nzima. Saa sita mchana pingili ilikuwa imeteleza. Saa kumi mteja aliyekuja dukani kwangu kununua matairi mawili alininong'oneza kwamba kijana amepelekwa Ujerumani kwa siri kuchomwa sindano za uti wa mgongo. Machozi yalinilengalenga kabla sijakumbuka habari ilianzia wapi.

Uwezo nilionao unanitisha. Klabu lazima inatetemeka sasa. Nimemwandikia Bi Haliburton kwamba muda umefika, adai mkataba mkubwa kuliko wa mbeba mpira yeyote nchini, na tarakimu iwe ya duara, sifuri tupu mwishoni, itapendeza gazetini. Amejibu kwa neno moja: "Ahsante." Nadhani amezidiwa.

Jumatano, 30 Julai

Kuna hitilafu ndogo. Klabu inatetemeka, ila imetetemekea upande mwingine.

Verdell alikuja dukani, akakataa kukaa. Kumbe wiki iliyopita klabu ilikuwa karibu kukubali. Miaka mitatu, na humo ndani lile jambo ambalo Keyshon analitaka kuliko yote: dhamana. Yaani alipwe hata akivunjika siku ya kwanza. Sasa klabu inasema mgongo wa namna hiyo hauwezi kuwekewa dhamana. Bi Haliburton amewapelekea picha za hospitali. Lakini mgongo wa mbeba mpira yeyote ukiupiga picha utadhani umepitiwa na lori, nao wakasema si mnaona! Keyshon anaapa kwamba ni mzima. Wakasema wote huapa. Wamempa hadi Jumatatu jioni: asaini bila dhamana, au waache mazungumzo na acheze msimu mzima kwa mkataba wa kitoto, goti lake mikononi mwa Mungu.

Verdell akasema anamtaka mbwa aliyeanzisha maneno haya, amjue tu, ampe salamu. Nikasema dunia imejaa watu wabaya, Dada. Nikampa soda.

Jioni chakula hakikupita. Nilikula sahani moja tu. Najisikia vibaya, naandika wazi, maana hapa hasomi mtu.

Ijumaa, 1 Agosti

Nina ufumbuzi. Kilichotoka kwa Dupree kitarudi kwa Dupree.

Nimekwenda kunyoa tena. (Mke wangu Earnestine ameuliza ninanyoa nini.) Nikamwambia Dupree, kwa sauti ya kusikika, kwamba Keyshon ni mzima, mgongo kama reli. Dupree alizima mashine. Akanishika bega. Akasema anaelewa, familia lazima iseme hivyo. Kisha akawaomba waliokuwa kwenye foleni wavue kofia, wakaniombea. Purvis alitoa amina ndefu kuliko wote.

Jioni redio imesema familia bado haijaikubali hali.

Jumamosi, 2 Agosti

Naandika nimelala kifudifudi. Barafu nyuma ya paja.

Leo ilikuwa siku ya ukoo wetu wa Tarver, kama kila mwaka, bustani ya nyuma ya kanisa. Fulana za zambarau, watu wa Chicago, watu wa Detroit, mbavu za nguruwe tangu alfajiri, saladi ya viazi ya shangazi Odessa, ambayo ndiyo pekee inayoruhusiwa. Keyshon alipewa ruhusa ya siku moja. Bi Haliburton alikuwa ametoa amri: ale, awabusu mabibi, arudi. Asiguse mpira, asikimbie, asicheze hata ile ngoma ya kupanga mistari, kwa maana kila mkono una simu, na mtu aliyegoma kufanya mazoezi haonekani akirukaruka. Nilijitolea kuwa mlinzi wake.

Nilimlinda vizuri sana mpaka kwenye pai ya pichi.

Hapo Purvis akaanza. Upepo, ndoo, maji kumwagika. Watoto wa Detroit wakacheka. Nikasimama nikasema mwaka huu huu, na kitambi hiki hiki, mtu yeyote hapa nitamwacha. Mtu yeyote! Purvis akainua mfupa wa ubavu, akauelekeza kwa Keyshon.

Keyshon alikuwa amekaa na sahani yake. Akasema, "Mjomba, kaa ule." Kaa ule! Mbele ya Chicago! Damu ikanipanda. Nikamuuliza kwa sauti kubwa kama ananiogopa, au ni ule mgongo?

Verdell alifumba macho. Ndipo nilipokumbuka mgongo huo niliutunga mimi. Lakini maneno yakishatoka, yametoka.

Keyshon aliinuka. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuwa anatabasamu. Sahani mkononi, kandambili miguuni. Shangazi Odessa akaangusha kitambaa, tukaondoka. Nilianza vizuri! Mashahidi wapo! Kisha nikamwona akiwa mbele yangu, amegeuka, anakimbia kinyumenyume huku ananitazama, na saladi haijamwagika. Nikaongeza mwendo. Nyuma ya paja kikalia kitu kama kizibo cha chupa, nikaenda chini na ukoo wote ukasema "Yesu!"

Alikimbia kunirudia. Akampa mtoto sahani. Akasema, "Usiukanyagie huo mguu, Mjomba, nimekushika," na kabla sijakataa alikuwa ameniinua akaniweka mgongoni, mimi huyu, mtu mzima wa kilo mia moja na kumi, akanikimbiza uwanja mzima mpaka kwenye gari. Njiani nilimwambia nilikuwa nimemkaribia. Akasema ndiyo, Mjomba.

Simu zote zilikuwa juu.

Jumapili, 3 Agosti

Nchi nzima imeiona. Watu milioni kadhaa wameyatazama makalio yangu yakipita kwenye skrini. Katika picha moja kitambi changu kinaonekana kama mzigo wa pili.

Bi Haliburton amepiga. Hakupaza sauti. Aliniuliza tu kama ninajua maana ya maneno "pembeni" na "kimya". Nikasema ninayajua. Akasema hakuna dalili. Verdell hajapiga, na hilo ndilo baya zaidi. Kesho jioni ndio mwisho, na klabu sasa inaweza kusema kijana anawachezea, anakimbia bustanini na kambini kwao anaegemea uzio. Nimelala macho wazi. Mtoto asipoteze kwa ajili ya mdomo wangu. Nimesali, na katika sala sikumtaja Purvis vibaya hata mara moja.

Jumanne, 5 Agosti

AMESAINI!

Miaka mitatu! Dhamana imo! Akivunjika anapata, akilala anapata!

Jana mchana klabu yenyewe ndiyo iliyopiga simu. Kumbe hasira hawakuwa nayo, walichokuwa nacho ni woga wa ule mgongo tu. Daktari wao aliitazama ile video mara kadhaa, akawaambia mtu mwenye mgongo mbovu hamwinui mjomba wa namna ile, achilia mbali kukimbia naye. Bi Haliburton amemwambia Verdell kwamba alihangaika wiki nzima na wataalamu wa mifupa, kumbe dawa ilikuwa mzee mnene.

Nimewaeleza wote kwamba hivyo ndivyo nilivyopanga tangu mwanzo. Kwanza unatia shaka, halafu unaiondoa shaka, bei inapanda. Ni kama kuuza matairi. Verdell akasema amekwenda kwa Dupree kumuuliza siri aliipata wapi, na Dupree, aliyeapa kwa marehemu mama yake, alisema mara moja. Nikamwambia paja linaniuma sana. Akasema vizuri.

Alhamisi, 7 Agosti

Keyshon amekuja. Amekaa ukingoni mwa kitanda changu, amekula zabibu zangu zote.

Nilimlaumu kidogo. Nilimwambia angebana zaidi angepata tarakimu ya duara, kubwa kuliko ya yeyote. Akasema tarakimu hakuitaka sana. Alimwambia Bi Haliburton tangu siku ya kwanza kwamba bila dhamana hashiki kalamu. Nikauliza kwa nini. Akatazama nje. Akasema tangu mdogo ananiona nikishuka ngazi za kanisa upandeupande, kila Jumapili, nikijifanya nasalimia watu wa kushoto.

Mimi nilidhani hajui mtu.

Nikasema kuna vumbi chumbani. Akasema ndiyo, Mjomba. Alipoondoka alinipiga bega polepole, na nililia, na ilikuwa raha. Nampenda yule mtoto. Hata hivyo mwanzo wake wa kukimbia una kasoro, mguu wa kushoto unachelewa. Mwakani namfunga.

Jumapili, 10 Agosti

Paja limepona tangu juzi. Sikuona sababu ya kulitangaza.

Nimekuwa nikiendesha mazungumzo yangu mwenyewe na Earnestine. Msimamo wangu: msuli umekaza, sifanyi kazi yoyote ya nyumba mpaka tuelewane. Madai: chakula kitandani, rimoti mkononi, majani ya uani akate mtu mwingine, na Purvis asije kula kwetu Jumapili. Miaka mitatu, kwa dhamana. Earnestine aliomba muda wa kutafakari. Nilimwona amezidiwa.

Leo baada ya ibada Purvis alipiga kelele barabarani, chini ya dirisha langu, kwamba mtu wa televisheni amefika kwa Dupree, anauliza habari za rekodi ya 1988, na kwamba yeye Purvis anakwenda kumweleza kuhusu upepo.

Sikumbuki kushuka ngazi. Nilimpita Purvis kwenye sanduku la posta. Kwa Dupree palikuwa pamefungwa, ni Jumapili. Nilipogeuka, Purvis alikuwa amekaa chini anacheka mpaka anashika mbavu, na Earnestine alikuwa kibarazani kwetu, simu juu.

Mapatano yamefikiwa. Majani nakata mimi. Vyombo pia. Purvis anakula kwetu kila Jumapili, na paja la kuku ni lake. Earnestine alinisomea masharti, akamalizia na ile ya asiyesikia la mkuu, kana kwamba yeye ndiye aliyeitunga.

Lakini yuko sahihi, nilikosea. Mguu! Mguu kila mtu anauona. Kesho asubuhi nitaamka na mgongo.